Siku Ondiek Alipokataa Kwenda Nyumbani

Gari lilizima kwa mara ya pili tulipokuwa tumeipita Katito, pale barabara inapoanza kupanda kuelekea Sondu, na shemeji yangu Zadock akageuka kwenye kiti cha mbele, akanitazama. Kando yangu, ndani ya jeneza lililofunikwa shuka nyeupe, alikuwa amelala mume wangu Ondiek, ndugu yake mdogo. Upande wa pili wa jeneza alikaa mama yao, Mama Adero, mikono mapajani, macho dirishani. Jua la mchana lilikuwa limetulalia juu ya paa. Sote mle ndani tulifikiri jambo lile lile, na mimi nilikuwa wa mwisho kukiri kwamba nalifikiri.

Kwa watu wa mume wangu, gari lenye maiti likizima njiani haliitwi bovu. Husemwa kwamba marehemu amekataa. Ana neno moyoni, hataki kupelekwa, na mpaka asemezwe na kubembelezwa, gari halitoki hapo hata lisukumwe na kijiji kizima. Mimi ni mtu wa Port Victoria, na sitawacheka kwa hilo. Kwetu nako kuna mambo ambayo mgeni akiyasikia atashika kichwa.

Mara ya kwanza ilikuwa Ahero, nyuma ya foleni ndefu ya malori. Waombolezaji walishuka kutoka kwenye basi lililotufuata, wakalizunguka gari wakiimba. Zadock akasimama nyuma, penye miguu ya marehemu, akamwambia ndugu yake kwamba kaburi liko tayari, kwamba watu wanangoja, kwamba aache hasira. Aliongea kwa muda mrefu na kwa uchungu wa kweli, sitamnyima hilo. Alipomaliza, dereva akajaribu ufunguo, na injini ikawaka. Watu wakashusha pumzi. Wanawake wakatazamana, kisha wakanitazama mimi.

Walikuwa na sababu. Katika ukoo ule marehemu hapiti lango kabla mzee wa ukoo hajawauliza waliomleta: amesafirije? Ni swali moja tu, na jibu likishatolewa mbele ya watu halifutwi. Ikisemwa amesafiri vizuri, huingizwa. Ikisemwa alikataa, hutafutwa aliyemkasirisha, na huyo hubaki nje ya boma mpaka kaburi lifukiwe. Mjane aliyebaki nje siku hiyo hana tena njia ya kuingia. Mimi na Ondiek hatukujaliwa mtoto. Kitu pekee ambacho kingenifunga na boma lile kilikuwa konzi ya udongo ambayo ningeitupa juu ya mume wangu, na Zadock alikuwa ameshaniambia pale Ahero, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa taarifa tu: "Mzee Okinyi akiuliza kwa gate, mimi nitasema vile imekuwa."

Ondiek alikuwa fundi wa friji pale Kibuye, na friji ndiyo iliyotukutanisha. Nilikuwa nauza soda na maji baridi karibu na Dunga, na stima ilipopotea, jambo ambalo halikuwa geni, nilikuwa nikiyafunika makreti kwa magunia niliyoyalowesha ziwani. Siku alipokuja kuniangalizia friji aliyakuta magunia yale, akaweka kiganja juu ya chupa, akatabasamu kana kwamba amekutana na mtu wa kwao. "Unajua kazi yangu," aliniambia. Nikamwambia mimi sijui kutengeneza baridi. "Hakuna mtu anatengeneza baridi," akasema. "Iko joto tu, na pahali pa kuipeleka." Nikamwuliza kama huwa anawaambia wateja wote kwamba hatengenezi chochote. Alicheka mpaka akaangusha bisibisi. Wiki iliyofuata alirudi kuitazama friji ambayo haikuwa na tatizo lolote, na wiki iliyofuata hiyo pia.

Alinipeleka kwao Nyabondo, juu ya Sondu, mara moja tu. Nilipika samaki kwa mikono yangu, mbuta niliyombeba kutoka ziwani, nikaandaa. Zadock, mtoto wa kwanza katika boma lile, alitazama sahani akaisukuma kando. "Tumeshiba," alisema, na hakuna aliyekuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi. Wengine wote wakashiba naye. Mama Adero alikaa na sahani yake mapajani mpaka samaki akapoa, hakula na hakuiweka chini. Waliniita nyar mwa, binti wa wageni, na walisema nimemfunga mtoto wao mjini. Ondiek akasimama, akanishika mkono, akawaambia atarudi siku watakapokuwa na njaa.

Hakurudi tena akiwa hai. Alirudi kwa sababu moyo wake ulisimama akiwa amepiga magoti nyuma ya friji ya mtu mjini, na kwa sababu ndugu wana haki ya kumzika mtu wao kwao. Basi nisijifanye jasiri. Gari lilipozima Ahero, mimi nilikuwa na sababu kuliko wote ya kuamini kwamba Ondiek amekataa. Niliamini. Nilikaa kando ya jeneza nikimwambia kimoyomoyo, sasa baba, utaniacha na watu hawa hivihivi?

Sasa tulikuwa tumesimama tena. Dereva alifungua boneti, na Zadock akashuka kumfuata. Dereva yule aliitwa Idd, mtu wa Kaloleni, kofia nyeupe kichwani, mpole wa sauti kama watu wote waliozoea kubeba misiba ya wengine. Gari lilikuwa lake, refu na kuukuu, lenye mapazia ya zambarau.

"Maji iko?" Zadock aliuliza.

"Maji iko, mzee. Haijachemka. Mshale wa joto uko katikati."

"Basi si gari," akasema Zadock, na kwa kweli mtu angemjibu nini?

Idd hakuwa mtu wa kubishana na wafiwa. Lakini nilichungulia dirishani nikamwona akiweka kidole juu ya kipaipu kidogo kando ya injini na kukiondoa upesi. Watu wakaimba, Zadock akabembeleza, gari likawaka. Tulipoanza kwenda nikasogea mbele mpaka nyuma ya kiti cha Idd, nikamwuliza ameona nini.

Alimtazama Zadock kwanza. Kisha akasema, huku macho yakiwa barabarani: "Hapo ilikuwa na bati, mama. Bati ya kufunika ekzosi, ile paipu ya moshi, ndio moto yake isisambae. Ilikuwa imelegea, inapiga kelele. Kuna familia ikanilaumu, ikasema maiti yao inabebwa na gari inalia kama mkokoteni. Nikaona wako na haki. Nikaambia fundi aitoe."

"Na sasa?"

"Sasa joto yote inakaa hapo chini ya boneti, inapiga paipu ya petroli. Petroli inachemka ndani ya paipu kabla haijafika kwa kabureta. Injini inapata hewa tupu. Kwa barabara wazi kuna upepo, si mbaya. Kwa foleni, ama kwa mlima, inazima."

"Lakini wakimwongelesha inawaka."

Idd alibadilisha gia. Aliona aibu kulisema, nadhani. "Mkimwongelesha, mama," alisema, "inapoa."

"Dereva," Zadock akasema, "wewe endesha."

Nilirudi nyuma nikaketi. Mama Adero alikuwa amesikia kila neno, hilo nilijua, maana hata mimi nilimsikia akimeza mate. Mimi nilikuwa na aina ya furaha ambayo ilinitia haya, furaha ya kujua kwamba mume wangu hajanikasirikia, kwamba ni petroli tu. Kisha nikafikiri kwamba kujua kwangu hakuna maana yoyote langoni. Kati yetu na lango kulikuwa na mlima, na juu ya mlima alikuwa anangoja Mzee Okinyi na swali lake.

Tulizima kwa mara ya tatu katikati ya mlima, mahali pabaya, mwamba upande huu na bonde upande ule. Idd aliweka jiwe chini ya gurudumu. Zadock alishuka polepole safari hii, na hakuanza kubembeleza. Aliweka mikono kiunoni akatazama juu, kuelekea kwao. "Mara tatu," alisema. "Hapo hakuna mtu atauliza mara ya nne." Sauti yake ilikuwa imekauka, na nikaona kwamba hakuwa anafurahia hata kidogo. Alikuwa mtu aliyekataliwa na ndugu yake akiwa hai na sasa anakataliwa akiwa maiti, na ilikuwa lazima kosa hilo liwe la mtu mwingine. Nilimwonea huruma, jambo ambalo sikulitarajia na ambalo halikunisaidia chochote.

Nikafungua mlango nikashuka.

Mjane haachi jeneza. Nilisikia minong'ono ikianzia kwenye basi kabla mguu wangu wa pili haujagusa lami. Nilikuwa nimevaa koti la Ondiek, kama desturi yao inavyotaka, lenye mikono mirefu kunizidi, nikaikunja mpaka kwenye viwiko. "Idd," nikasema, "fungua."

Boneti ilipoinuka, joto lilinipiga usoni hadi nikafumba macho. Nilipoyafumbua nilianza kutazama jinsi Ondiek alivyokuwa akitazama nyuma ya friji, bila kugusa kitu, akifuata joto linatoka wapi linakwenda wapi. Katika gari hili lilikuwa linatoka kwenye ekzosi na halikuwa linakwenda popote. Juu kulikuwa na boneti, mbele rejeta ya maji, nyuma ukuta wa gari. Na katikati, wazi kabisa, kipaipu cha petroli.

"Hii boneti, inaweza kuinuka huku nyuma?" nilimwuliza Idd. "Karibu na kioo. Kidogo tu, ndio joto itoke."

Alinitazama, akatazama bawaba. "Nikilegeza hizi boliti niweke kitu katikati, inaweza." Akaenda kutafuta spana na vipande vya kuni kwenye basi.

"Mjane ndiye anatengeneza gari," mtu akasema nyuma yangu, na mwingine akasema mengine ambayo sitayaandika. Zadock akaja akasimama karibu. "Rudi kwa gari, Debra," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja jina langu.

"Nitarudi. Kwanza nataka bati."

Bati haikuwepo. Lakini kwenye basi zile sufuria kubwa za kupikia matanga zilikuwepo, na kila sufuria ina kifuniko. Nilimwomba Rachael, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, ambaye sufuria zilikuwa chini ya ulinzi wake. Alinijibu kwamba vifuniko ni vya kikundi, si vyake, na hawezi kutoa kitu cha kikundi kiingie kwenye injini bila kikundi kukaa. Nikamwambia kikundi kimekaa, kiko hapa chote, kando ya barabara, kwenye jua. Rachael aliwageukia wenzake. Kuna aliyecheka, nafikiri kwa uchovu. Kifuniko kikatolewa, cha alumini, kipana, nikakikunja kwa goti na kwa jiwe mpaka kikafuata umbo la ekzosi, na Idd akakifunga kwa waya kikasimama kati ya moto na paipu.

Ilibaki paipu yenyewe, ambayo bado ilikuwa inachoma. Nilihitaji kitambaa kizito na maji. Maji tulikuwa nayo. Nikawaomba wanawake leso moja, na wanawake wakatazama chini. Kitambaa cha mtu kwenye gari la maiti ambaye amekataa, na aliyekiomba ni yule anayesemekana amemkasirisha. Sikuwalaumu. Nikaanza kuvua koti la Ondiek.

"Usivue hiyo," Mama Adero alisema.

Alikuwa ameshuka bila mimi kumwona. Alifungua leso kiunoni mwake, ya rangi ya chungwa iliyopauka, akanitupia bila kunitazama, akageuka akarudi nyuma ya gari penye mlango ulio wazi, karibu na jeneza. Niliilowesha, nikaizungusha kwenye paipu mara nyingi, na maji yakatoa mvuke mikononi mwangu. Nilikuwa nimeinama hivyo nilipomsikia akiongea na mwanawe. Hakuongea kwa sauti ya kusikiwa na watu, kama Zadock.

"Wuoda, wadhi dala," alisema. Mwanangu, twende nyumbani. Kisha, kwa Kijaluo ambacho kwa miaka yote ya ndoa nilikuwa nimejifunza kukielewa kuliko walivyodhani: "Kama una neno na mke wako, utaniambia mimi baadaye. Sasa twende, jua ni kali."

Nikajua basi. Alikuwa amesikia habari ya bati na petroli kama nilivyoisikia mimi, na hakuiamini. Leso alikuwa ameitoa kwa ajili ya mwanawe. Kuhusu mimi alikuwa na mawazo yale yale.

Gari liliwaka. Lilipanda mlima boneti ikiwa imeinuka nyuma kama kofia iliyokaa vibaya, joto likitoka mbele ya kioo na kuitetemesha barabara. Nilikuwa nimerudi kando ya jeneza, na nilisikiliza injini ile kuliko nilivyowahi kusikiliza mahubiri yoyote. Ilikohoa mara moja, penye kona. Ikaendelea. Tulipita soko la Sondu bila kusimama, tukakamata njia ya Nyabondo, na hapo ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu mochari. Nililia kwa sababu Ondiek alikuwa amenifundisha kitu kimoja tu katika maisha yake, akinitania, na kitu hicho ndicho kilichokuwa kinampeleka kwao, mahali ambapo mimi ningeachwa nje.

"Amekubali," Zadock alisema mbele. "Mama amemwambia, amekubali." Kisha baada ya kitambo: "Lakini mara tatu ni mara tatu."

Lango lilikuwa limejaa watu. Idd alizima injini mwenyewe safari hii. Mzee Okinyi, baba mdogo wa marehemu, mrefu, koti la sufi kwenye joto lile, alitembea mpaka mbele ya gari akainua mkono, na vilio vikakatika. Zadock akashuka. Mimi nilibaki ndani na mkono juu ya jeneza, nikijaribu kukikaririsha kiganja changu jinsi mbao ilivyokuwa chini yake.

"Ondiek amesafirije?" Mzee Okinyi aliuliza.

Zadock alivuta pumzi. Najua alivuta, kwa maana niliona mabega yake yakipanda. Lakini sauti iliyojibu ilitoka upande mwingine wa gari.

"Amesafiri vizuri."

Wanawake hawajibu swali lile. Mama Adero alikuwa anakuja mbele, gauni lake bila leso, likionyesha mikunjo ya safari, mwendo wake mzito. Zadock alisema, "Mama," na kabla hajaendelea yeye akasema:

"Gari ndio ilipata joto kwa mlima. Gari ni mzee. Tukafunga na leso yangu. Kama kuna mtu anataka kujua zaidi, aangalie leso ya mama yake iko wapi."

Hayo ya mwisho aliyasema akimtazama Zadock. Mzee Okinyi alisogea. Aliitazama boneti iliyoinuka, akachungulia pale upenyoni, akaona ukingo wa kifuniko cha sufuria na pindo la kitambaa cha rangi ya chungwa likitoa mvuke. Zadock alikuwa anatazama viatu vyake, na baadaye, siwezi kusema kwa nini, alivua kofia yake.

"Aingie," Mzee Okinyi alisema.

Niliingia kwa miguu, nyuma ya jeneza, na nikatupa udongo wangu. Nilipewa kiti cha mjane. Jioni nilipelekewa chakula, na Zadock alikula kwenye mkeka ule ule, kwa upande wake, bila kuniangalia, na mimi sikumwangalia yeye. Tumezeeka sasa, tunasalimiana vizuri, kila mmoja anamjulia mwenzake hali ya mahindi. Nyumba yangu iko pale, mabati mawili ya mbele niliyabadilisha mwaka jana. Bado nauza soda Dunga, lakini kila msimu wa njugu napanda Nyabondo kumsaidia Mama Adero, ambaye macho yamemwishia na vidole bado ni vyepesi kunishinda.

Ilinichukua miaka kumwuliza. Tulikuwa tumekaa uani tunabambua njugu, peke yetu, na nikamwuliza kama mtu anayeuliza habari ya mvua.

"Mama, ile siku, uliamini ni joto?"

"Hapana," alisema. "Nilijua amekataa."

Hakuwa hata na haja ya kufikiri. Njugu zilikuwa zinadondoka kwenye ungo.

"Uliamini ni kwa sababu yangu?"

"Niliamini hivyo. Hata leo sijui vizuri."

"Basi kwa nini ulisema vile kwa Mzee Okinyi?"

Alipapasa mpaka akapata ganda lingine, akalivunja.

"Yeye nilikuwa nimeshampoteza," alisema. "Ningekupoteza na wewe, ningebaki na nani wa kuniambia habari zake?"

Kisha akaniambia nisogeze ungo, kwa kuwa zangu zilikuwa zinaanguka chini.